Koli la sombe kutoka Butembo hadi Brussels: mbinu za kusafirisha chakula cha barafu kwa ndege

Koli la sombe likifika Brussels limechacha, lawama huangukia ndege. Mara nyingi ndege haihusiki. Kutoka Entebbe hadi Ubelgiji ni usiku mmoja tu, na kule chini ya ndege kwenye mizigo hakuna jua. Chakula chetu huharibikia ardhini: juu ya gari lililosimama mpakani Kasindi mchana wa saa saba, kwenye veranda ya ajansi Kampala ambako koli limewekwa "kidogo tu", na sebuleni kwa mwenyeji wa Ulaya ambaye hakuambiwa kwamba ndani kuna kitu cha barafu. Anayetuma chakula kutoka Butembo au Beni afunge sanduku lake kwa kuhesabu saa za kungoja, wala si saa za kuruka.

Tuzihesabu basi. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na Beni hadi Kasindi ni 80. Ukishavuka hadi Mpondwe, upande wa Uganda, bado kuna zaidi ya kilomita 400 kupitia Kasese hadi Kampala, kisha kama 40 hivi hadi uwanja wa Entebbe. Butembo iko milimani, asubuhi watu huvaa makoti. Kasindi iko chini, kwenye uwanda wa Ziwa Edward, ambalo liko kama mita 900 tu juu ya usawa wa bahari. Sanduku lililotoka kwenye baridi ya mlima linashuka kwenye joto pale pale ambapo litasimama muda mrefu zaidi, likingoja mihuri ya pande mbili. Halafu kuna suala la saa, ambalo huwaponyoka hata wazoefu. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Ukivuka saa nne asubuhi kwa saa ya Beni, ng'ambo tayari ni saa tano, na ratiba ya basi na ya ndege yako imeandikwa kwa saa ya ng'ambo.

Ukiondoka Butembo alfajiri, panga kwamba sanduku litakaa saa 14 hadi 18 kabla ya kuiona friza nyingine. Kwa hiyo nashauri kuikata safari vipande viwili. Kipande cha kwanza kiishie Kampala, kwa ndugu au kwa duka linalokubali kukukodishia nafasi ndani ya friza. Chakula kilale humo usiku mzima, chupa za barafu zigande upya, kisha sanduku lifungwe tena siku ya kuruka. Anayejaribu kuunganisha moja kwa moja, kutoka basi hadi kaunta ya Entebbe, anategemea kwamba hakuna lolote litakalochelewa. Kwenye njia yetu, kutegemea hivyo ni kucheza kamari.

Na siwezi kuiandika barabara hii kana kwamba ni barabara kama nyingine. Kwa miaka mingi mashambulizi ya waasi wa ADF yameua wasafiri, madereva na wakulima kwenye njia ya Beni hadi Kasindi na vijiji vyake. Safiri mchana. Ulizia habari za njia asubuhi ile ile, kwa madereva waliofika muda si mrefu, usitegemee habari za jana. Uwe na friza ya akiba Beni, mtu uliyezungumza naye mapema, ili njia ikifungwa upate pa kurudisha vitu vyako bila kulazimika kuchagua kati ya samaki na uhai wako. Koli linaweza kungoja wiki nzima ndani ya friza bila kupoteza chochote. Zamani wengine walipitia Goma, lakini uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23. Ndege za ndani zinazotua Mavivi, nje kidogo ya Beni, zinamfaa aliye na msafiri wa kupitia Kinshasa. Kwa wengi wetu tuliobaki, njia ni Kasindi.

Kabla ya kuwasha friza, jua ni nini kinaruhusiwa upande wa pili. Hapa ndipo watu hupoteza chakula kizuri kabisa, kikatupwa kwenye pipa la forodha kikiwa bado kigumu kama jiwe. Anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka kwetu haruhusiwi kubeba nyama wala maziwa. Si kuku wa kuchoma, si mbuzi mkavu, si jibini ya Masisi, wala sombe iliyopikwa na vipande vya nyama. Udogo wa kiasi hauwi sababu ya kusamehewa, na sheria hiyo hiyo hufuata koli dogo analotumiwa mtu binafsi. Samaki ana sheria yake: hadi kilo 20 kwa mtu, au samaki mmoja ikiwa yeye peke yake anazidi uzito huo, na aliye mbichi awe ametolewa matumbo. Kanada nayo inakubali samaki hadi kilo 20 kwa mtu. Uingereza na Marekani zina orodha zao. Kazi ya kuzisoma mpe yule anayepokea, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi chini ya sheria hizo na ndiye anayeweza kuwapigia simu wenye ofisi.

Kuhusu mimea, tangu tarehe 14 Desemba 2019 Ulaya inadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi, hata iliyo ndani ya begi la abiria. Matunda matano tu yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Makemba yako yamo kwenye ndizi, yanapita. Majani mabichi ya muhogo hayapiti bila cheti. Sombe iliyotwangwa, ikachemshwa na kugandishwa si mmea ulio hai tena, ni chakula, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kuipika kabla ya kuituma. Pilipili mbichi usiijaribu: Ulaya inazichunguza sana zitokazo Afrika kwa sababu ya kiwavi wa nondo anayejificha ndani ya tunda. Ikaushe juani, itafika salama na haitataka barafu.

Nyama ya porini isiingie kwenye mjadala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba kama tani tano kwa wiki zilikuwa zikipita kwenye mizigo ya abiria katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, na tangu hapo ndege zitokazo kwetu hukaguliwa kwa makini. Nasi tuliozika watu wetu wakati wa Ebola hatupaswi kungoja afisa wa forodha atuambie kwa nini.

Sasa jikoni. Sombe, ambayo msomaji wa pwani anaiita kisamvu, ndiyo inayoombwa kuliko vyote, na kwa bahati nzuri ndiyo inayovumilia safari kuliko vyote. Chuma majani machanga, yatwange kwa kinu au uyapeleke mashineni, kisha yachemshe vya kutosha bila kufunika sufuria, maana sumu ya muhogo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa, barafu haiiondoi. Usitie mawese, usitie karanga, usitie samaki. Viungo hivyo atavitia mpishi wa huko, na mafuta yakivuja ndani ya sanduku yanaharibu kila kitu. Iache ipoe kabisa, ikamue maji, maana kila kikombe cha maji kinachobaki utakilipia kama uzito wa ndege.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Hujaza sombe kilo tatu kwenye saseti moja, wakaifunga ikawa duara kama mpira, wakaitupa ndani ya friza. Baada ya siku moja nje ni jiwe, ndani bado ni uji. Uji huo ndio unaoanza kuchacha Kasindi. Weka nusu kilo kwa kila saseti, ibonyeze kwa kiganja mpaka iwe bapa, unene wa vidole viwili, toa hewa yote, funga, tia ndani ya saseti ya pili. Zipange juu ya sinia moja moja, zisilaliane, mpaka zigande. Zikishakuwa ngumu ndipo uzisimamishe kama vitabu. Mabapa yanaganda haraka, yanajaza sanduku bila kuacha mapengo, na yakipangwa yakigusana huyeyuka polepole kuliko maduara yenye hewa katikati. Andika tarehe na kilichomo kwa kalamu isiyofutika.

Umeme ni tatizo tunalolijua sote. Friza iliyojaa hustahimili kukatika kwa umeme kuliko friza tupu, kwa hiyo jaza nafasi zote kwa chupa za maji. Kama kwako umeme ni wa kubahatisha, zungumza na mama mwenye depo ya samaki wa barafu. Friza zake zinashinda zikifanya kazi kwa jenereta kwa sababu mali yake yote imo ndani. Mlipe siku mbili au tatu. Lengo ni kufika nyuzi 18 chini ya sifuri, si "baridi ya kutosha". Kipimajoto kidogo cha friza ni cha bei nafuu kuliko koli moja lililopotea.

Samaki wa Ziwa Edward, wa Kyavinyonge na Vitshumbi, nitawazungumzia kwa ufupi, kwa sababu maoni yangu ni kwamba wasigandishwe. Tilapia mbichi wa ziwani huwa amekwisha pitisha nusu siku njiani kabla hajafika sokoni Butembo. Kumgandisha hapo ni kuhifadhi ubovu ulioanza. Mnunue aliyekaushwa vizuri kwa moshi au chumvi, mkavu mpaka ndani ya mgongo, mfunge kwa karatasi kisha kwa saseti mbili kwa ajili ya harufu, na umweke nje ya sanduku la barafu. Unyevu humpa ukungu. Nafasi ya baridi iachie sombe.

Sanduku lenyewe ni la frigoliti, lile jeupe la povu, lenye ukuta mnene usiopungua sentimita tatu, likae ndani ya katoni ngumu. Glasieri ya plastiki inafaa pia, ila uzito wake unakula kilo zako. Usiku mmoja kabla, weka ndani yake chupa za barafu ili lenyewe lipoe. Sanduku lenye joto la chumbani hunyonya baridi ya chakula chako saa za kwanza.

Barafu kavu, ile hewa ya kaboni iliyogandishwa, ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na haiachi maji. Butembo na Beni usiitegemee. Ikiwa wakala wako Kampala anaweza kukupatia, kumbuka kwamba abiria anaruhusiwa kilo mbili na nusu tu, kwa idhini ya shirika la ndege iliyoombwa mapema, na koli liandikwe kwamba lina barafu kavu na uzito wake. Sanduku lisizibwe kabisa kwa skochi, kwa sababu barafu hiyo hugeuka hewa, na hewa isiyopata pa kutokea hupasua chombo. Usilale nayo chumbani wala usisafiri nayo ndani ya gari lililofungwa vioo.

Mbinu yetu ya kila siku ni chupa za maji ya chumvi. Gramu 100 za chumvi katika lita moja ya maji huyafanya yagande kwenye nyuzi sita hivi chini ya sifuri, yaani barafu hiyo inapoyeyuka bado ina baridi kuliko barafu ya maji matupu, na sombe iliyo karibu nayo inabaki ngumu. Usizidishe chumvi: friza ya nyumbani haitaweza kuigandisha. Acha nafasi juu ya chupa kwa sababu maji yakiganda hupanuka, kaza kifuniko, na kila chupa itie ndani ya saseti yake. Hili la saseti ni la lazima, kwa sababu maji ya chumvi yakivuja hula chuma cha ndege, na mashirika ya ndege yana haki ya kukataa sanduku linalotoka jasho. Panga chupa chini, pembeni, na hasa juu, kwa maana baridi hushuka. Mimi huanza na kilo moja ya chupa kwa kila kilo mbili za chakula. Mapengo yajazwe kwa magazeti yaliyokunjwa.

Kabla ya safari ya kweli, fanya jaribio nyumbani. Funga sanduku kama litakavyosafiri, liweke kivulini uani saa 24, usilifungue, kisha tazama. Yale mabapa ya katikati yakiwa magumu, endelea. Yakiwa yamelegea, punguza chakula uongeze chupa. Juu kabisa ya chakula weka saseti angavu yenye vipande vitatu vinne vya barafu ya maji matupu. Mpokeaji akivikuta bado ni vipande, chakula hakikuyeyuka. Akikuta kipande kimoja kilicholala kama sahani, basi mahali fulani njiani kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya huko Kampala, na hapo ugumu wa sombe usimdanganye.

Mwenye kudhani kwamba baridi ya kweli haiwezekani kwetu na akumbuke chanjo ya Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Mangina, na wiki moja baadaye watu walianza kuchanjwa kwa dawa ambayo hutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilifikishwa Beni na Butembo, ikabebwa hadi vijijini ndani ya vyombo vinavyoitwa Arktek, na mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Vyombo vile hatuna. Lakini nidhamu ya wale waliovibeba tunaweza kuiga bure: chombo hupozwa kabla ya kujazwa, hakifunguliwi ovyo, kipimajoto huwa ndani, na kila mtu kwenye mnyororo anajua mwisho wake ni lini.

Tangu zamani hadi leo wengi wetu hutuma koli kwa mkono wa msafiri. Kwenye tiketi nyingi begi moja ni kilo 23, na humo sanduku na chupa vinahesabiwa. Mwite msafiri aone unavyofunga. Mpe orodha ya vilivyomo kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu mbele ya afisa mwenye koli ni yeye, si wewe. Mwenye busara atakuambia, "Mama, nifungulie nione," na hilo lisikuudhi. Mpe pia skochi ya ziada: mabapa ya sombe yanaonekana kama kitu kizito kwenye mashine ya ukaguzi, na mara nyingi Entebbe watataka kufungua.

Ukituma kama mzigo wa kawaida bila msafiri, usishangae kutozwa zaidi ya kilo zako. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kinachozidi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Sanduku la 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16 hata kama ndani mna kilo tisa. Liombe lipokewe kama bidhaa inayoharibika, upewe nambari ya hati ya usafirishaji, na ulizia vyumba baridi. Entebbe vipo, kwa sababu sangara na maua ya Uganda hupitia pale kila wiki.

Karatasi zako zianzie upande wetu. Cheti cha mimea hutolewa na huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV. Ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, na forodha, DGDA, wataulizia thamani, kwa hiyo beba fakitire hata ya kuandikwa kwa mkono. Ushawishi wa kusema kwamba chakula ni cha Uganda ili kukwepa foleni ukatae: karatasi zisipolingana, koli hukaa, na kukaa ndiko kunakoliua. Na yeyote anayefikiria kugeuza sombe kuwa biashara ajue kwamba huruma inayopewa mizigo ya mtu binafsi si ya kuuza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu ya uvuvi, na viwanda vikubwa vyenye vyumba baridi na wanasheria vilifungiwa mlango. Mtu mmoja mwenye friza mbili hana wa kumtetea.

Chagua siku ya kuruka inayomfikishia mpokeaji koli katikati ya juma, si Jumamosi jioni. Mtumie picha ya sanduku, nambari ya ndege, na ujumbe wa wazi: dada, hiki ni chakula cha barafu, kifungue siku ile ile, tazama kwanza ile saseti ya vipande vya barafu, kisha ubonyeze bapa la katikati kwa kidole. Sombe iliyolainika pembeni lakini bado ina barafu ndani irudi kwenye friza au ipikwe jioni hiyo. Iliyolegea yote na kupata joto la chumbani itupwe, na mtumaji aambiwe ukweli, ili safari ijayo aongeze chupa au apunguze kilo.